Mwaka Ambao Shemeji Alikatazwa Maji

Alhamisi iliyopita, tulipotoka kuswali adhuhuri, vijana wa msikiti wetu hapa Kalangalala, mjini Geita, walinifuata nyumbani wakiwa wamejifunga vitambaa puani. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeleta maiti kutoka machimbo ya upande wa Kharumwa. Marehemu alifia kwenye chumba cha kupanga, akakaa humo siku tatu bila mtu kumuulizia, mpaka mwenye nyumba alipopita akasikia harufu. Walimleta Geita kwa sababu binti yake, Hadija, anaishi hapa. Yasini, kijana niliyemfundisha mwenyewe kazi ya kuosha maiti, alinisalimia kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, huyu haoshwi. Amekaa sana. Tumfanyie tayamamu tu, tumkafini, tumalize." Nikamuuliza jina la marehemu. "Mzee Idrisa," akasema. "Yule baba yake dada Hadija." Nikaketi tena kwenye kiti nilichotoka kukalia. Yasini alidhani nimeishiwa nguvu kwa ajili ya umri, akaniletea maji ya kunywa. Hakuna kati yao aliyejua kwamba neno lile, tayamamu, liliwahi kupita kati yangu na mtu yule, akiwa hai na mzima, na pipa la maji limejaa uani kwake. Tangu siku ile nimekuwa nikijichukia kidogo kidogo, kama mtu mwenye jino bovu anayelizungushia ulimi.

Idrisa alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, Mwajuma, ambaye mtaani tulimwita Mama Hadija. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikaa kwao mwaka mmoja, katika chumba cha uani chenye dirisha dogo lililotazama bafu. Nilikuwa kijana niliyetoka kusoma dini, nikifundisha watoto katika banda la nyasi nyuma ya msikiti, na nilijiona najua mengi. Idrisa alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Baba Shirini, aliyeuza vitambaa, sabuni na mafuta ya taa. Sijaona mwanamume msafi kama yeye. Aliosha mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitambaa cha mtu, na akikata suruali nyeupe, alinawa tena katikati ya kazi. Jioni dada alimwekea ndoo bafuni, nami kutoka chumbani kwangu nilisikia maongezi yao kupitia ukuta wa magunia. "Mama Hadija, njoo unisugue mgongo." "Mgongo nitasugua. Na masikio?" "Nimeshaosha." "Muongo wewe." Kisha kicheko, na maji. Baadaye alitoka amevaa msuli uliopigwa pasi, tukala sato wa Nkome na ugali wa muhogo kwenye sinia moja, na mimi nikafikiri kwamba ndoa zote ziko hivyo, kwamba mtu akishapendwa na kuoshwa mgongo hawezi kugeuka.

Zikaja nguo za mitumba. Marobota yalifunguliwa kila Jumamosi karibu na stendi, na watu waliokuwa wakishona suruali kwa Idrisa wakawa wanamletea mashati ya watu wasiowajua apunguze mikono. Cherehani ikakaa siku nzima imefunikwa. Wakati huo huo vijana walikuwa wanatoka Kharumwa na habari za mwamba mwekundu wenye dhahabu, na Idrisa, ambaye hata vumbi la chaki lilimkera, akaungana na wenzake wakachimba shimo lao, ambalo kule huitwa duara. Walikwenda chini miezi mitano, wakatoa mawe, wakayatwanga, wakayasafisha kwenye mwalo, ule mteremko wa kuoshea mchanga, wakakamua kwenye kitambaa zebaki inayonasa dhahabu, wasipate kitu. Kule machimboni mtu hasemi kwamba mwamba hauna dhahabu. Anasema ipo, ila imekataa. Na ikikataa, hutafutwa sababu kwa watu. Wakaenda kwa mganga. Mganga akawatazama mmoja mmoja, akamwonyesha Idrisa kwa kidole, akasema huyu ndiye anayeifukuza, kwa sababu dhahabu inakimbia harufu ya sabuni. Akampa masharti: asiguse maji kwa mwili wake, asibadili nguo, asimkaribie mke, mpaka siku wenzake watakapoiona dhahabu kwa macho.

Ijumaa ya kwanza aliporudi baada ya hapo, dada alileta sinia, akaleta beseni na jagi la kunawia kama kawaida. Nilinawa mimi, akanawa Hadija aliyekuwa bado mdogo. Beseni lilipofika kwake, Idrisa alirudisha mikono yake nyuma, akaificha chini ya mapaja. Dada alisimama ameinamisha jagi. "Nawa basi, chakula kinapoa." Akasema, "Sinawi." Akaeleza habari ya mganga huku anatazama ukutani. Dada alicheka kwanza, akidhani ni utani wa wachimbaji. Alipoona hacheki naye, akasema, "Baba Hadija, dhahabu yenyewe inaoshwa. Kila siku mnaiosha pale mwaloni. Ni wewe peke yako usiyeoshwa?" Naye akajibu, kwa uso mkavu kabisa, "Ikishatoka chini haina pa kukimbilia." Kisha akatia mkono wake kwenye sinia letu. Kucha zilikuwa nyeusi, kiganja kina udongo wenye mafuta, na alipofinyanga tonge, ugali uliacha kuwa mweupe. Mchuzi ulipita kati ya vidole vyake ukarudi kwenye bakuli. Dada alijifanya ana kazi jikoni. Mimi niliendelea kula upande wangu wa sinia, nikimeza bila kutafuna, kwa sababu nilimwonea aibu kuacha. Nimekula vyakula vingi maishani, namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila kimoja, lakini matonge yale bado nayasikia kooni.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye mkeka wangu wa kuswalia. Niliutazama mkeka. "Shemeji," akasema, "wewe umesoma. Kuna tayamamu." Nikamwambia tayamamu ni ya mtu aliyekosa maji, akagusa udongo safi badala yake. "Wewe una pipa zima hapo nje." Akauliza, "Na mgonjwa je? Yule ambaye maji yanamdhuru?" Nikasema mgonjwa anaruhusiwa, lakini yeye si mgonjwa. "Nikiyagusa nadhurika, Twaha. Na wenzangu wote wanadhurika, kuna watu mle shimoni wameacha watoto. Wataniua au watanifukuza. Sasa unataka niache kuswali?" Swali lile lilikuwa zito kweli, na kama lingekuwa peke yake ningeweza leo kujitetea kwalo. Lakini aliongeza jingine, akiwa anatazama nje ya dirisha kama mtu anayezungumzia mvua. "Mungu akinipa, banda lako lile la nyasi naliezeka bati tupu." Mvua iliyopita ilikuwa imelowanisha misahafu ya watoto. Nilifungua kitabu nikakishika mbele yangu muda mrefu. Sikusoma hata mstari. Nilikuwa naona mabati, yanang'aa, na watoto wako kavu chini yake, na watu wanasema bati hilo limeletwa na ustadhi kijana. Nikafunga kitabu, nikasema, "Basi fanya tayamamu, mpaka dharura yako iishe." Akaniomba nisimwambie dada tulivyozungumza. Sikumwambia. Alipoinuka, mkeka ulibaki na alama ya makalio yake, nami nikaupeleka nje nikausugua, mimi niliyetoka kusema kwamba hakuna tatizo.

Tangu siku hiyo alikuja msikitini kila Ijumaa akiwa amejipaka vumbi usoni na mikononi. Safu ilikuwa ikijipanga vizuri, bega kwa bega, mpaka ilipomfikia. Hapo palikuwa na pengo upande huu na upande ule, kama jino limeng'oka. Mzee Sefu, aliyetoka pwani na kuishi Geita miaka mingi, alinivuta kando baada ya sala. "Ustadhi, yule bwana ananuka mbuzi beberu. Nimesujudu nimeshindwa kuvuta pumzi." Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayefundisha kwamba Idrisa ana udhuru, na kwamba tusihukumu. "Udhuru gani? Kisima kimekauka?" "Kuna mambo ya elimu, mzee wangu." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Elimu hiyo imesomewa wapi, Kharumwa?" Waliokuwa karibu wakacheka. Nilikasirika, na hasira ilinisaidia, maana mtu akikasirika hana haja ya kujichunguza.

Nyumbani, dada alimtandikia Idrisa mkeka sebuleni, naye akalala humo na harufu yake. Hadija alikuwa akipita amebana pua, mpaka mama yake akampiga kofi, kisha mwenyewe akalia. Lakini hakumsema vibaya mumewe mbele ya watu. Jirani mmoja, mama wa Kisukuma, alimsalimia "Mwangaluka" asubuhi moja, akaongeza, "Mama Hadija, huko kwenu mmefuga fisi?" Dada akajibu, "Tumefuga. Tena anakula nyama ya jirani." Akaingia ndani, hakutoka mpaka mchana. Siku hiyo, tukiwa tunachambua dagaa uani, aliniuliza, "Twaha, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Anaswali vipi hali yuko vile? Nani amemwambia inafaa? Maana nikijua ni mganga tu, nitampigania. Lakini yeye anasema hata dini imemruhusu." Nilikuwa nimeshika dagaa mmoja mkononi, namkumbuka, kichwa chake kilikuwa kimekatika. Nikasema, "Hayo ni mambo yake na Mola wake, dada." Akashusha pumzi. Alikuwa ameniuliza mimi kwa sababu aliniamini. Kama ningesema, angekwenda kwake na kumwambia kwamba hata shemeji yako amekiri alikosea, rudi, oga, tutakula dagaa. Huenda asingerudi. Lakini dada angekuwa na kitu cha kushika mkononi, nami nilimwacha mikono mitupu.

Walipoiona dhahabu ilikuwa mwezi wa nane. Dereva wa lori alileta habari: duara la kina Idrisa limejibu. Dada hakuuliza wamepata kiasi gani. Aliuliza, "Kwa hiyo masharti yamekwisha?" Dereva akasema yamekwisha, mama. Asubuhi iliyofuata alipiga pasi ile kanzu nyeupe ambayo Idrisa alijishonea siku ya harusi yao, akakunja taulo, akakata sabuni ya mche, kisha akajaza dumu la lita ishirini kutoka pipa letu. Nilimwambia kule maji yapo. "Yale yamechanganyika na zebaki," akasema. "Huyu hajaguswa na maji miezi minne. Nitamwosha kwa maji ya nyumbani kwake." Tulipanda nyuma ya lori juu ya magunia ya mahindi, yeye amelikumbatia dumu kati ya miguu ili lisimwagike, amevaa khanga mpya. Alikuwa amejipaka hina. Njia nzima aliongea, akacheka na wanawake wengine wa lori, akawaambia anakwenda kumchukua mumewe.

Tulifika saa tisa alasiri, jua kali. Palikuwa na umati mbele ya kilabu cha pombe kilichoezekwa maturubai. Tukapenya. Katikati palikuwa na kiti cha plastiki, na kwenye kiti ameketi Idrisa, kifua wazi, na wenzake wamefungua kreti za bia, wanammiminia kichwani chupa moja baada ya nyingine. "Oga, bosi, oga," walikuwa wakisema. Povu lilichuruzika na uchafu wa miezi minne, jeusi, likapita kwenye ndevu, likapita kifuani, likatuama kwenye udongo kati ya miguu yake, na nzi walishafika. Mwanamke mmoja, mwuza bia, alikuwa amesimama nyuma yake anamsugua mgongo kwa viganja, anacheka. Yeye alikuwa amefumba macho, mdomo umeachama kama mtoto anayenyonyeshwa. Nilikuwa nimeona uchafu wake muda wote huo na kuuvumilia. Usafi ule ulinishinda, nikageuka nikatapika nyuma ya kibanda. Niliporudi, dada alikuwa amesimama mbele yake, dumu liko chini, kanzu iko mkononi. Idrisa akafumbua macho, akamwona, akatabasamu bila aibu hata kidogo. "Mama Hadija," akasema, "umechelewa. Nimeshaoga." Umati ukacheka. Yule mwanamke hakuondoa mikono mgongoni.

Dada aliikunja tena kanzu vizuri, mkono kwa mkono, akaitia kwenye mfuko. Kisha akalinyanyua dumu. Nikataka kumsaidia, akakataa. Tulirudi na lori lile lile, na dumu likiwa limejaa vile vile kati ya miguu yake, na asubuhi yake alilimimina kwenye mchicha, taratibu, mche kwa mche. Talaka ilikuja baada ya wiki tatu. Niliileta mimi.

Mabati nayo yalikuja. Idrisa aliingia Geita na mke wake mpya, akachinja ng'ombe dume uwanjani karibu na msikiti, na watu wote waliokuwa wamebana pua zao walikuja kula. Mama wa "mmefuga fisi" alikuja na bakuli la kubebea. Mzee Sefu alimshika Idrisa mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mwanangu, akasema siku zote alijua kijana huyu ana baraka. Niliwatazama wakisukumana kwenye sufuria, mafuta yanawatoka kwenye videvu, nikaona wanadamu wanachukiza kuliko chochote kilichowahi kukaa chini ya kucha za Idrisa. Kisha mtu akanipa sahani, kwa sababu mimi ndiye niliyeomba dua, nikala. Nilifundisha chini ya mabati yale miaka kumi na sita. Kila mvua iliponyesha, maji yalipiga juu yake kwa kelele hata watoto hawasikii ninachosoma, nami nilikuwa nikinyamaza, nimeshika fimbo, nasubiri yaishe.

Dhahabu ya Idrisa haikukaa. Mke yule mpya naye hakukaa. Idrisa alirudi machimboni akawa anawachimbia wengine, na akiingia mjini alipita njia nyingine ili asinione, au labda mimi ndiye niliyepita njia nyingine. Dada hakuolewa tena. Alimlea Hadija kwa kuuza dagaa, akazeeka vizuri, ana meno yake yote. Mwenyezi Mungu amenipa subira ya mambo mengi, lakini ya kumtazama dada yangu machoni hakunipa.

Haya yote yalinirudia kati ya kiti changu na chumba cha kuoshea maiti, mwendo wa dakika chache na fimbo yangu. Mwoshaji hasimulii alichokiona kwenye mwili, nami sitasimulia. Nasema tu yale ambayo mtaa mzima uliyajua, kwamba harufu ilifika barabarani na wenye maduka walifunga milango. Nilimkagua. Ngozi ilikuwa bado inahimili kumiminiwa maji pole pole. Yasini alinifuata mpaka mlangoni. "Ustadhi, tayamamu inaruhusiwa kwa hali kama hii. Ulitufundisha mwenyewe." "Nilifundisha," nikasema. "Huyu alishapewa tayamamu ya maisha yake yote. Leteni maji." Wakatazamana. Wawili wakatoka wakidai wanafuata kafuri ya kumpaka, hawakurudi. Nikakunja mikono ya kanzu.

Aliyeleta maji alikuwa dada. Alikuja kutoka kwa Hadija, khanga imefungwa kiunoni, amebeba dumu la lita ishirini, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini. Alilitua kizingitini, hakuingia, maana si mkewe tena. Harufu ilikuwa imemzunguka na hakubana pua. Nikamwambia, nikiwa nimesimama ndani na yeye nje, "Dada, mwaka ule uliniuliza nani alimruhusu. Ni mimi. Aliniahidi mabati, nikamruhusu."

Aliinama akatazama mfuniko wa dumu. Mimi nilisubiri aniapize, na apizo lake ningelipokea.

"Nimekusikia," akasema.

Akafungua mfuniko, akalisogeza dumu ndani kwa mguu mpaka likagusa vidole vyangu.

"Muoshe na nyuma ya masikio," akasema. "Alikuwa haoshi huko, hata kabla ya mganga. Naleta jingine."